Ukimkosa, Endelea

Gulnazi alinipigia simu saa tano usiku:
"Malkhazi, mashine imekataa kuamka."
Nikapanda hadi Oni, minyororo magurudumuni,
theluji ikipiga kioo kama mchanga.

Hifadhi yake ni chumba kimoja juu ya duka la dawa:
jiko la kuni, kanda za sauti mia nne na ushei,
na kompyuta niliyomfungia mwenyewe, miaka tisa nyuma,
kwa Linux na kiburi cha ujana.

Kwenye skrini nyota nyekundu inakwenda, inarudi,
kama mtu aliyefungiwa ukumbini:
nasubiri diski, sekunde sabini na moja kati ya tisini.
Tisini zikaisha. Mfumo ukajitupa katika hali ya dharura,
ukadai neno la siri, ukanyamaza.

"Umegusa nini?"
"Sijagusa kitu."
Kisha, akikoroga chai:
"Nimeongeza diski tu. Mpya. Ile ya zamani imejaa."

Ah.

Kiini cha mfumo hakijui watu. Kikiamka
huita vifaa kwa zamu ya kufika mlangoni:
wa kwanza a, wa pili b, anayefuata c.
Jana b alikuwa diski ya nyimbo.
Leo mgeni mtupu, hajagawanywa wala kuumbizwa,
kawahi kuitikia, kakalia herufi ya mwenyewe;
na mwenyewe yupo, mzima, anazunguka,
jina lake c, na hakuna amwitaye.

Na ule mstari katika orodha ya vya kupachika,
sdb1 iende kwenye nyimbo,
ni mwandiko wangu. Nilimjua kwa kiti chake.
Mgeni wa watu hana kosa.

Kila diski iliyoumbizwa ina namba yake,
tarakimu na herufi thelathini na mbili,
haiachi hata ukiihamishia ncha nyingine ya waya.
Gulnazi akainakili kwenye bahasha, akanisomea,
"Nne. Tisa. e. b. Saba,"
polepole, kama anayesoma majina ya marehemu kanisani.
Faili likagoma kuandikika; nikaomba ruhusa, nikapewa.
Nikawasha upya.
Nyota nyekundu ikarudi matembezini.

b yake ilikuwa 6. Aliandika bila miwani.

Alfajiri ikatukuta na kinasa cha kanda,
kile ambacho kila kikichomekwa hubadili jina.
Vifaa vina bawabu wao, nikamweleza; huandikiwa kanuni.
Alama ya sawa mara mbili ni swali: je, ndiwe?
Mara moja ni amri: basi utaitwa hivi.
Nikaweka moja palipotaka mbili,
na bawabu akaipuuza kanuni nzima
bila hata kukohoa. Nikasahihisha.
"Kiitwe nani?"
"Imeda."

Kaka yake. Yumo katika kanda ya kumi na nne,
yeye anakohoa kabla ya kuimba.
Alivuka mlima mwaka ule wa vita.

Sikusema kitu. Nikarudi kwenye mstari wa diski
kuongeza neno moja, lililopasa kuwepo tangu mwanzo.
"Hilo linasema nini?"
"Linasema: ukimkosa, endelea kuwaka."
Akatia kuni. Akafunga mlango wa jiko kwa goti.
"Mashine inaweza," akasema.

Halafu: "Isubiri muda gani kwanza?"
"Utakavyo. Isipoambiwa, tisini."
"Kumi."
Nikaandika kumi.

Chini yetu jokofu la duka la dawa likanguruma, likakoma.
Kidole changu kilikuwa tayari kuhifadhi.

"Malkhazi," akasema. "Weka thelathini."